Jina Ambalo MaMhlongo Halitamki

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa za kliniki ya usemi na usikivu ya chuo kikuu kimoja mjini Durban zinawaka. Zibuyile Cele, mwenye miaka thelathini na saba, amekunja mikono ya ovaroli yake ya bluu na anapiga deki korido nzima bila kuinua kichwa.

Akifika kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, anavua viatu. Anafuta hedifoni, anafuta kiti, anafuta kioo kinachotenganisha mpimaji na mpimwaji. Halafu anajifungia humo dakika mbili, peke yake.

"Humu nasikia mapigo ya moyo wangu," anasema akitoka. "Wenzangu wanakimbia, wanasema kama kaburini. Mimi ndipo ninapopumzika."

Saa tatu kasorobo anapita mlango uleule, safari hii ana koti jeupe na faili kwapani. Mlinzi, Mzee Shozi, anampigia saluti.

"Karibu, daktari! Yule mama wa usafi leo kaacha ndoo mlangoni."

"Nitamkata mshahara," anajibu, na anapita zake.

Kazini na nyumbani wanamwita MaMhlongo, kwa ukoo wa baba yake, kama wake wote wa huku wanavyoitwa. Yuko mwaka wa nne, ambao ndio wa mwisho, anasomea matatizo ya usemi, lugha na usikivu. Halipi ada kwa kuwa ni mfanyakazi wa chuo. Zamu yake ya nusu siku humpa randi 4,100 kwa mwezi, na ukifeli mtihani mmoja mara mbili, msamaha wa ada unakwisha.

Mwezi Juni, mwanafunzi huyu anayesifiwa na walimu wote alifeli mtihani wa vitendo. Alifelishwa na kadi yenye picha ya jua.

Mtu atauliza, jua lina ugumu gani? Hapo ndipo mwandishi wa makala haya naye aliponasa, akawa haendi nyumbani mpaka aelewe.

MaMhlongo alianza hapa kama mfagiaji, miaka tisa iliyopita. Siku moja alikuwa anafuta madirisha huku mwanafunzi mmoja akijaza fomu kwamba mtoto aliyeletwa hana mawasiliano, maana kila akiulizwa anaangalia chini. MaMhlongo akashindwa kuvumilia.

"Nilisema, samahani, huyo mtoto anakuheshimu. Akikukazia macho ndipo uwe na wasiwasi!"

Daktari Saroj Reddy, msimamizi wa kliniki, alikuwa amesimama nyuma yake. Wiki iliyofuata alimletea fomu ya kujiunga na chuo, akaiweka juu ya ndoo. MaMhlongo alidhani ni karatasi ya kutupwa, na nusura aitupe.

Sasa turudi kwenye jua. Katika ukoo wa Cele, kama katika koo nyingi za Wazulu, mke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalolibeba jina hilo. Mwandishi alipomwomba alitaje mara moja tu, kwa ajili ya gazeti, alicheka, akatikisa kichwa, akampa simu ya wifi yake, Nomagugu.

"Langa!" wifi akapaza sauti. "Baba yetu ni Langa Cele. Mimi nimezaliwa humu, nalitaja nitakavyo. Wahangaike wao walioolewa!"

Kwa Kizulu, langa ni jua. Basi hata jua la mbinguni MaMhlongo halitaji. Analizungukia: lile linalotuamsha, lile linalokausha nguo. Miaka kumi na minne ya ndoa amefanya hivyo, na anasema hata halimsumbui tena.

Lilimsumbua siku ya mtihani. Aliletewa mzee aliyepata kiharusi, kazi ikiwa kumwonyesha picha azitaje. Akikwama, mtabibu humpa sauti ya kwanza ya neno, na akizidi kukwama, humtamkia neno zima huku mgonjwa akiitazama midomo. Mzee akaenda vizuri: kikombe, mbuzi, ufunguo. Kufika kwenye jua, akakwama.

MaMhlongo akaichukua kadi, akaiweka chini ya nyingine, akaendelea na picha ya kiatu.

"Nilipata aibu mbili kwa mpigo," anasema. "Ya kumwacha mzee wa watu amekodoa macho, na ya kumweleza mtahini. Nikaona ataniita mshamba. Nikanyamaza."

Daktari Reddy, aliyekuwa mtahini, aliandika: mgonjwa ameachwa bila msaada. Akampa sifuri.

Lakini baba mkwe yuko Mzumbe, kijijini kusini mwa Durban, karibu kilomita mia. Angelitamka, nani angesikia?

MaMhlongo anamtazama mwandishi kana kwamba kauliza upuuzi. "Mimi ningesikia."

Mwezi Agosti, kiharusi kikabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Baba mkwe, mtu wa miaka sabini na mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha sukari hadi kustaafu, aliamka upande wa kulia umekufa ganzi na maneno yamekwenda. MaMhlongo, aliyekuwa amekwenda kuwatazama, ndiye aliyempeleka hospitali ya wilaya. Dirishani, nesi akauliza, "Jina lako, Baba?"

Mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nesi akamgeukia MaMhlongo: "Haya, dada, anaitwa nani?"

MaMhlongo anainama. Anapekua mkoba, anatafuta kitambulisho.

"Jamani, nyote wawili ni mabubu?" nesi akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mzee Langa akalia. "Sijapata kuona chozi la Baba," anasema MaMhlongo. "Mtu aliyeniletea ng'ombe wa mahari nyumbani kwetu! Nikasema, hata nikifukuzwa chuo, lazima mzee huyu aseme jina lake kwa kinywa chake."

Mzee naye hakutaka kingine. Kila jioni mkaza mwana wake akiwa nyumbani, mzee alifungua kitambulisho, akagonga jina kwa kidole, akamtazama. Mtaalamu wa usemi hufika hospitali ile mara moja kwa mwezi. Basi kila Ijumaa MaMhlongo akawa anarudi Mzumbe.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kioja. Mkaza mwana huketi mkekani, kajifunga kilemba, kajitanda mtandio mabegani, macho chini. Na tiba hii inataka watu wawili watazamane uso kwa uso. Mama mkwe, MaZungu, akakaa mlangoni kusimamia.

"Mtazame mdomo," akaamuru. "Macho yake uyaache."

Wiki ya kwanza, mzee alistaajabisha wote. Hawezi kuomba maji, lakini Nomagugu, aliyekuja kumtazama mgonjwa, alipoanzisha wimbo wa kanisani aliuimba beti zote tatu, neno kwa neno.

"Anajifanya!" MaZungu akang'aka. "Kuimba anaweza, kuniomba radhi hawezi!"

MaMhlongo akamweleza kwamba kuimba na kusema havilali chumba kimoja kichwani. Kimoja kinaweza kuungua, kingine kikabaki kizima. MaZungu akaguna. Ila kuanzia siku hiyo, akitaka kumpa mumewe uji, humwimbia.

Maji yakarudi, uji ukarudi, majina ya wajukuu yakarudi. Jina lake mwenyewe, hapana. Nani angemfundisha? MaZungu, kwa kuwa mke naye hamtaji mumewe, hajalitamka kwa miaka arobaini na minne. Mume wa MaMhlongo yuko migodini hadi Krismasi, na wajukuu hawathubutu kumwita babu kwa jina. Nomagugu amekwisha kurudi kazini Richards Bay, mji wa mbali kaskazini, huja sikukuu kwa sikukuu. MaMhlongo akamwomba ajirekodi sauti kwenye simu, kwani kwenye video midomo ilikuwa midogo mno kwa macho ya mzee. Mzee akaisikiliza simu, akaigeuza nyuma na mbele kutafuta mdomo ulipo, akaisukuma kando kwa hasira. Alihitaji kuona midomo, na midomo iliyokuwepo ilikuwa imefungwa.

Jibu lilimjia Durban alfajiri moja mwezi Septemba, akifuta kioo cha chumba kile kisichopitisha sauti. Upande wa pili, wanafunzi wawili waliowahi mapema walikuwa wakizozana. Aliiona midomo ikifunguka na kufumba, na hakusikia hata chembe.

"Nikaacha kitambaa kikaanguka," anasema. "Nikasema, Zibuyile, wewe ni mjinga wa miaka tisa! Kila siku unakifuta kioo hiki."

Ijumaa ile aliketi mkekani, akaishika simu chini ya kidevu. Sauti ya wifi yake ikatoka: Langa. Na midomo ya MaMhlongo, bila sauti, bila hata pumzi, ikafuata: ulimi juu, kinywa wazi, kinywa wazi tena.

Mlangoni, MaZungu akaruka. "Umelitamka!"

"Sauti yangu haikutoka, Mama."

"Mdomo umelitamka!"

"Mdomo umecheza tu. Wewe umesikia nani?"

MaZungu anasimulia mwenyewe, akichambua maharage: "Nilikesha nikitafakari. Huyu msichana mjanja kama nini! Lakini nilichosikia ni sauti ya binti yangu, na binti yangu ana haki. Nimshitaki kwa nani? Asubuhi nikamwambia, endelea, ila mtandio usidondoke."

Jumamosi ya tatu mzee akasema "La." Mwishoni mwa Oktoba, akiwa na bakuli la phutu, ugali mkavu wa mahindi, na maziwa ya mgando mapajani, akalisema zima bila kuombwa. MaMhlongo akajifunika uso kwa mtandio, akalia kama mtoto.

"Sasa imekuwa balaa," anacheka MaZungu. "Kutwa nzima anajitaja! Anawatajia kuku. Sisi tulioolewa humu tunaziba masikio."

Kabla ya kurudia mtihani mwezi Novemba, MaMhlongo alikwenda ofisini kwa Daktari Reddy akamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Safari hii, mgonjwa alipokwama kwenye lile jua, alimwomba binti wa mgonjwa atoe sauti, yeye akachora neno kwa midomo. Alipata alama sabini na nne.

"Mwezi Juni niliona heshima, nikaandika uzembe," anakiri Daktari Reddy. Lakini kilichomkosesha raha ni kazi ya utafiti ya MaMhlongo. Aliwauliza wake arobaini waliokuja kliniki kama kuna kadi wasiyoweza kuitaja kwa heshima ya ukweni. Ishirini na saba walisema ipo. "Miaka yote hiyo," anasema daktari, "tuliandika kwamba wamelisahau neno."

Ndiyo maana mpango wake, akihitimu, ni kutengeneza kadi mpya. Kabla ya kuonyeshwa picha yoyote, mgonjwa ataulizwa ni zipi zisiguswe, na kila moja iwe na mbadala wake. Anataka kuanzia hospitali ileile ya wilaya, mtaalamu awepo kila siku.

Anayasema haya Jumatano asubuhi kwenye foleni ya hospitali hiyo, kaketi hatua moja nyuma ya baba mkwe wake. Zamu yao inafika. Nesi ni yuleyule. Hamtazami mzee; anamtazama aliyemleta, kalamu tayari.

"Anaitwa nani?"

MaMhlongo anainamisha macho. Safari hii hagusi mkoba.

Mzee anaegemea dirisha kwa mkono wa kushoto. Inachukua muda. Foleni inachungulia.

"La-nga," anasema. "Langa Cele." Halafu, nesi akiwa bado kashangaa, anagonga karatasi kwa kidole: "Andika."