Mgeni wa Mama Lazaro

Ukishuka basi Karatu ukiwa na begi mgongoni na macho ya kushangaashangaa, hutafika mbali kabla hujapata ndugu. Kijana atakupokea begi kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili atakuonyesha picha ya simba kwenye simu, kisha atakuapia kwamba gari la kwenda kreta ya Ngorongoro linaondoka sasa hivi na imebaki siti moja tu, ambayo kwa bahati nzuri ni ya kwako. Watu wa utalii huwaita vijana hao flaikacha. Wengine ni wachapakazi wa kweli, wana kampuni na magari nyuma yao. Wengine kampuni yao yote ni ile simu na ulimi.

Dorkasi alikuwa akiwajua wote, wa kweli na wa uongo, na wao walimjua zaidi. Alikuwa na nyumba ndogo ya wageni nyuma ya barabara ya lami, yenye bango la bati lililoandikwa KWA MAMA LAZARO. Lazaro ni mwanawe wa pekee. Jina la Dorkasi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kanisa, mitaani hakuna aliyelitumia. Alizaliwa Baray kwenye mashamba ya vitunguu, akaolewa mjini, mume akafariki mapema akamwachia kiwanja na mtoto wa kubeba mgongoni. Vyumba alivijenga kimoja kimoja kwa kuuza mbaazi na mayai. Alikuwa mama wa maneno mengi, anayeweza kugombana na jirani asubuhi kwa sababu ya ndoo ya maji na jioni akamwazima chumvi.

Wenye nyumba nyingine za wageni hubandika karatasi ukutani: usimpe pesa usiyemjua, angalia mali zako. Dorkasi alizicheka. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kusoma karatasi ya ukutani, sembuse mtu aliyechoka na safari. Njia yake ilikuwa nyingine. Mgeni akishamaliza chai ya kwanza, Dorkasi hufunga kitenge vizuri, humshika kiwiko, na kumtembeza mpaka stendi.

"Josephati! Njoo hapa usalimie. Huyu anakaa kwangu. Patrisi, na wewe, usijifiche nyuma ya basi nimekuona."

Hayo alijifunza kwa baba yake. Kule Baray, mtu akifika kulala kwao, mzee alimzungusha kwa majirani kabla giza halijaingia, akamtaja kwa jina kila mlango, hata mbwa wa jirani wakamnusa wakamzoea. Aliyeshikana mkono na watu amekuwa mtu wao. Na ni kijana gani wa stendi angethubutu kumpiga hela mtu aliyempa mkono mbele ya Mama Lazaro? Mmoja aliwahi kujaribu, mwenyewe mgeni mjini, akamuuzia Mjerumani kipande cha chupa akakiita tanzanaiti. Hela hizo hakuzilia hata chakula cha mchana. Josephati, mkubwa wa vijana wale, alimleta mwenyewe akiwa amemshika ukosi, hela zikarudi.

Njiani Dorkasi humpa mgeni na somo lake. Kiingilio cha hifadhi hakilipwi mkononi mwa mtu, kina namba ya malipo na risiti. Gari ulione kwa macho yako, si kwenye simu. Dereva umsalimie, namba za gari uzipige picha. Na anayekuharakisha ana sababu yake. Asiyejua Kiswahili aliambiwa kwa mikono, akaelewa.

Mwaka jana wakati wa kiangazi akaja mama mmoja kutoka Tabora, nesi mstaafu. Dorkasi huwaita wageni kwa walikotoka, basi huyu akawa Mama Tabora tangu alipovuka geti. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Maisha yake yote alichora kreta ya Ngorongoro ubaoni kwa chaki, akawaonyesha watoto wa watu kingo na ziwa, na hakuwahi kufika.

"Nimekuja kuiangalia kwa niaba yake," alisema. "Nikishaiona, narudi nyumbani nimetulia."

Dorkasi naye ni mjane. Maneno yale yalimwingia. Siku hiyo alimtembeza Mama Tabora mji mzima, stendi, sokoni, mpaka kwa fundi viatu, kila mtu akapewa mkono. Aliporudi alijisifu kwamba mgeni huyu hata upepo hautamgusa.

Siku iliyofuata jioni Dorkasi alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Na asubuhi yake, siku moja kabla ya Mama Tabora kupanda basi la kurudi, aliamka kuwasha jiko akamkuta kwenye benchi la getini. Ukungu ulikuwa umefunika mpaka migomba haionekani. Mama wa watu amevaa koti, kajitanda shali, kapakata kamfuko kenye mayai ya kuchemsha.

"Dada, unangoja nini na baridi hii?"

"Gari la kreta. Limechelewa kidogo tu."

"Gari la nani?"

Mama Tabora akajifanya kupangusa koti. Dorkasi akaleta chai, ikanywewa, ukungu ukaondoka, jua likapanda juu ya paa, na gari halikuja. Mwisho mgeni akacheka kidogo.

"Naona nimeingizwa mjini, dada."

Kisha akajifuta macho kwa shali. Dorkasi alimuuliza ni nani, akamuuliza tena, akamsihi. Mama Tabora alikataa katakata. Alisema hela ni yake na ujinga ni wake, na kesho anaondoka, yaishe.

Dorkasi hakungoja kuambiwa zaidi. Damu ilikuwa imempanda. Alikwenda stendi kitenge kikiwa upande, na alipomwona Josephati hakuhitaji ushahidi.

"Shikamoo, mama," Josephati alisema.

Dorkasi hakuitikia. Waliokuwa karibu waligeuka, maana shikamoo kuachwa hewani si jambo dogo. Akamwita mwizi mbele ya wapiga debe na wauza karanga, akamwambia hana mama wala dada, na Kiswahili kilipokuwa chepesi mno kwa hasira yake akaendelea kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Josephati alimwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "Mama Tabora nilimpa mkono huu. Sisi wote hapa ulitutambulisha. Yule wa nyumbani kwako, ulimtambulisha kwa mgeni?"

"Yupi?"

Patrisi akaangalia chini. Josephati naye alionekana kama anatamani asingeanza.

"Lazaro alikuja hapa jana jioni, akamalizia deni la pikipiki yake. Tulikuwepo wote. Tulishangaa amezipata wapi."

Mama Lazaro akageuka kurudi nyumbani, kitenge bado kikiwa upande.

Njiani kurudi alitembea polepole. Kijana wake alikuwa na miaka ishirini na sita, mtanashati, Kiingereza anakijua, kazi yake kuosha magari ya watalii na kusubiri siku atakayokabidhiwa moja aendeshe. Ndiye anayebeba mabegi ya wageni na kuwapelekea chai. Dorkasi alikuwa amemwonyesha mgeni kila mlango wa mji ule isipokuwa wa kwake.

Mama Tabora, alipoona uso wa mwenyeji wake, alijua siri imetoka.

"Alisema kuna gari la wageni wawili lina nafasi, nilipie ili waniwekee. Masomo yako niliyakumbuka, dada, usifikiri niliyasahau. Lakini mtoto wa nyumba ananiletea chai, ningemwombaje risiti?"

Lazaro alikuwa chumbani mwake anachana nywele. Alipoulizwa alisema gari liliharibika. Akaulizwa dereva ni nani. Akasema hela angezirudisha Jumatatu. Akaulizwa tena dereva ni nani, ndipo akaweka kitana chini. Dorkasi alitamani kumpiga, na papo hapo alitamani kumkumbatia, maana alimpenda kuliko chochote duniani na hakuwa na mwingine. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifunga kitenge chake upya, akamshika kiwiko.

"Twende."

"Wapi, mama?"

"Nikakutambulishe."

Alianzia pale pale kibarazani. "Dada, huyu ni Lazaro, mwanangu. Amekula hela yako." Wakatoka. Dukani kwa Selina, anakonunua sukari, akasema: "Huyu ni Lazaro, mwanangu. Amekula hela ya mgeni wangu." Kwa mwenye bucha hivyo hivyo, kwa fundi viatu hivyo hivyo, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya nyanya. Lazaro ni mtu wa kimo, angeweza kuunyakua mkono wake akaondoka zake. Hakuunyakua, akafuata.

Stendi walikuwa wamejiandaa kucheka, ila walipowaona hakuna aliyecheka. Dorkasi alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Josephati.

"Marahaba," alisema. "Asubuhi nilikuachia salamu yako mikononi. Nimekuita mwizi mbele za watu, na mbele za hao hao nakuomba msamaha."

"Yameisha, mama."

"Na huyu ni Lazaro, mwanangu."

Safari hii hakuweza kumalizia. Akamalizia Lazaro mwenyewe, kwamba alikula hela ya mgeni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pikipiki, akampa Josephati.

"Nitafutie mnunuzi. Zitakazopatikana zianze kwa Mama Tabora."

Josephati aliugeuzageuza ule ufunguo. Alisema pikipiki itauzika tu, ila mgeni anaondoka kesho na kreta bado hajaiona, sasa tunafanyaje? Basi ile akili yote inayotumika kukamata wageni ikafanya kazi ya utu. Mmoja akakimbilia kwenye ofisi ya basi, tiketi ya Mama Tabora ikasogezwa mbele siku moja. Mwingine akampigia simu Lesiamon, dereva aliyezaliwa kule kule Ngorongoro, ambaye kesho alfajiri alikuwa anapeleka mtu na mkewe na ana nafasi kweli. Lesiamon alikuja na gari lake mpaka kwa Mama Lazaro, akampa mgeni mkono, akaeleza namba ya malipo ya kiingilio itakavyotoka. Dorkasi akailipa kwa simu yake mwenyewe, kutoka kwenye akiba ya bati za chumba cha nyuma. Josephati alikuwa amesimama pembeni.

"Mama, namba za gari hujazipiga picha," alisema. "Usituamini."

Ndipo Dorkasi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kesho yake jioni Mama Tabora alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye lile benchi akavua viatu, akanywa chai mpaka akamaliza kikombe.

"Ni kubwa kuliko ubao," alisema.

Pikipiki ilipouzwa na hela ya Mama Tabora kutumwa kwake, Lazaro hakukaa mjini. Alikwenda Baray kwa mjomba wake kulima vitunguu, na kila walipouza alituma chochote ili kuzirudisha bati za mama yake. Watu walimwambia Dorkasi alimwanika mno mtoto wake mwenyewe, akawajibu kwamba bango lina jina la huyo mtoto na haliwezi kuandikwa upya. Lakini wageni wapya walipofika alikuwa akilipita lile bango bila kulitazama.

Mvua zilipokaribia akarudi, amekonda, mikono imepasuka. Wiki ile ile wakaingia wageni wawili, mtu na dada yake, kutoka Lindi. Dorkasi akawapa chai, akafunga kitenge tayari kuwapeleka stendi. Kabla hajawashika kiwiko, Lazaro alitoka kwenye ndoo za kufulia, akajipangusa mikono kwenye suruali, akawapa mkono.

"Karibuni. Mimi ndiye Lazaro wa kwenye bango. Chai nitawaletea mimi. Hela yoyote mpeni mama, mimi msinipe."

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa Karatu. Dorkasi aliwaambia wamsubiri kidogo. Alitoka getini kwanza, akalitazama lile bango.