Karbone ya Nyumba ya Etaji

Shule niliachia mwaka wa tatu, kwa hiyo mtanisamehe nikizunguka kidogo kabla ya kufika. Nataka kueleza namna nilivyochoma karbone yote ya patron wangu, nikidhani namsaidia.

Kabla vita havijafika kwetu Walikale nilikuwa mchoma makala, yaani makaa ya kupikia. Unapanga miti, unaifunika kwa majani na udongo, unaacha tundu dogo la pumzi, halafu unakaa siku nyingi ukichunguza moshi. Ukiwa mweupe, bado. Ukianza kuwa bluu, karibu. Hiyo ndiyo shule niliyomaliza. Tulipokimbia tulipita njia nyingi, sitazitaja, miguu yangu inazikumbuka vya kutosha, mpaka tukafika Kitshanga. Tukapata nafasi kambini, na mfanyabiashara mmoja wa Butembo, ndiye patron wangu, akanipa kazi ya moto. Alikuwa na nyumba ya etaji: chini duka, juu vyumba vya wageni. Wageni walitaka maji ya kuoga asubuhi na jioni, na Kitshanga baridi yake haina huruma. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapipa mawili juu ya mawe. Mimi nilichochea. Kuni zililetwa na wanawake wa kambi, na mmoja wao alikuwa mke wangu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kuni za karibu ziliisha. Wanawake wakapanda kilima cha kwanza, kisha cha nyuma yake, na huko nyuma kulikuwa na wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Siku moja mama, ndivyo ninavyomwita mke wangu, alirudi bila kuni, bila viatu, kitenge kimepasuka. Sikuuliza. Aliketi akachambua maharagwe, akamaliza, akayarudia yale yale kutoka mwanzo. Siku ya tatu akachukua kamba yake akapanda tena, kwa sababu mapipa yangu yalikuwa yanangoja. Moto ulikuwa wangu na njia ilikuwa yake. Miezi ile niliamka nimechoka, kama mtu aliyelimia wengine ndotoni.

Basi, wakaja watu wa leta, yaani serikali. Mkubwa wao alikuwa fonksionere mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliwaita wenye majumba makubwa, mwenye tanuru la mkate, wenye madepo ya bidhaa, wakakutana kwa patron wangu. Mimi nilipeleka chai, kwa hiyo nilisikia. Alisema leta na wafanyabiashara washikane mkono kupunguza karbone inayotoka kwenye majumba ya mji. Hakuna sheria, hakuna faini. Kila mtu aingie volontaire, kwa hiari yake.

Neno hilo lilipotoka, wote waliangalia chini. Kwetu miaka ile volontaire ni mtu aliyekamatwa njiani akabebeshwa sanduku la risasi.

"Volontaire ya kwenda wapi?" mwenye mkate akauliza.

"Hakuna kwenda, Papa. Ni volontaire ya kubakia kwako."

"Aa! Ile tunaweza."

Wakacheka, wakakubali. Walipotoka, patron akaniita. "Muzee, wewe njo muntu wa moto hapa. Karbone yote ya hii nyumba, unishugulikie. Kesho wanarudia kuangalia."

Sasa, karbone niliyoijua mimi ni moja tu: ile karatasi laini ya bluu inayowekwa ndani ya karne ya fakture, kile kitabu cha risiti, ukiandika juu inatoka na chini. Nikawaza, kweli, vidole vya patron ni bluu kila siku, labda leta imekataza. Nikaingia dukani, nikafungua droo, nikachukua boksi nzima, nikaitia chini ya pipa. Iliwaka haraka na moshi wake ulinuka vibaya. Nikafagia majivu, nikaridhika.

Asubuhi patron akaja nyuma ya nyumba, karne mkononi. "Karbone yangu iko wapi?"

"Imeisha, Patron. Nimemaliza yote."

"Umemaliza namna gani?"

"Nimechoma."

Kama fonksionere asingefika saa ile, sijui ningeambiwa nini. Alipoelezwa, alicheka mpaka akavua miwani, uzi ukakatika.

"Muzee, karbone iko ndani ya moshi. Inapanda juu, inapasha dunia joto."

"Dunia ya wapi? Sisi huku tunalalaka na makoti."

"Dunia yote, Muzee." Akamgeukia patron. "Na hapa, nani anatoa moshi mingi?"

Patron akaninyooshea kidole.

Kumbe karbone ni mimi. Nilidhani nafukuzwa kazi. Lakini nilifikiria kilima, na mdomo ukasema wenyewe. Nikawaambia moto wa wazi ni mlafi, unakula na kutupa. Moto ukiufunga kwa udongo, kama tanuru la makala, na ukaupimia pumzi, unakula kidogo. Fonksionere akasema, "Jenga tuone."

Nikajenga. Udongo wa kichuguu, matofali yaliyovunjika, mavi ya ng'ombe kutoka malishoni. Mdomo nikaufanya mdogo, bomba la moshi nikalitengeneza kwa mikebe ya mafuta. Jiko lilipokauka, kuni za siku moja zilitupeleka karibu siku tatu, na hizo nilizipata kwenye matawi ya mikaratusi ya patron mwenyewe, kiwanjani pale. Nikamwambia mama, "Usipande tena." Kesho yake alikuja na rundo la mashuka ya wageni, akayafua kwa maji yangu ya moto, akaifunga kamba yake ya kuni kati ya miti miwili, akaanika.

Fonksionere akaleta karatasi ya makubaliano. Wenye majumba wakatia sahihi, akasema na mtu wa moto aweke alama. Wino wa kidole haukuwepo. Wakatafuta, ikapatikana karbone moja iliyokuwa imesalia ndani ya karne. Nikasugua kidole gumba, nikakandamiza. Kikabaki bluu siku mbili. Mama alipokiona alicheka, cheko lake la kwanza tangu siku ile ya viatu.

Halafu risasi zikaanza kusikika karibu. Watu wa leta wakateremka Goma, hawakuaga. Nyumba ikajaa watu waliokimbia vijiji, jiko langu halikutosha kuwapashia wote maji, na patron akanijia. "Muzee, rudisha mapipa ya zamani. Uambie wamama walete kuni sawa zamani."

"Na karatasi, Patron?"

"Ile ilikuwa volontaire. Volontaire anatokaka siku anataka."

"Mimi sijatoka. Kidole yangu iko pale."

"Unanigomea?"

"Hapana. Njo mama ya kwangu anapandaka kule."

Habari ya siku ile aliijua. Kambi yote iliijua. Akayatazama mashuka kwenye kamba. "Basi waoge ya vuguvugu," akasema. "Wakilalamika, nitawaambia ni karbone."

Wakaoga vuguvugu, wakalalamika, na mama hakupanda.

Nilitamani nikomee hapo. Lakini vita viliingia Kitshanga penyewe, tukakimbia wote, patron na gari lake, sisi kwa miguu, mpaka kambi ya Sake. Mama alikuwa amefunga nguo zetu kwa kamba ile. Sake hapakuwa na mikaratusi ya mtu yeyote. Siku ya pili akafungua nguo, akaikunja kamba, akaitia begani.

Nilikuwa nimeshaanza kukanda udongo. Nikamwonyesha jiko dogo, bado bichi, sawa na lile la Kitshanga. "Mama, hii itakula vijiti vitatu tu."

"Hata vitatu viko porini, Papa."

Akatoka na wenzake. Tangu hapo alikwenda mara moja kwa juma, si kila siku. Hicho ndicho nilichoweza. Asubuhi ile nilibaki nimechuchumaa, mikono imejaa udongo, nikaziba mdomo wa jiko kidogo, nikapima kwa vidole, nikaziba tena.