Tulivyokula utafiti wa chumvi nyumbani kwa Mama Riziki, Smithfield

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni wa kusoma nyuzi za wenzangu na kucheka kimya kimya, lakini hii imenikaa kooni. Ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Mama Riziki akijua nimemwanika humu, sombe yake, kile kisamvu cha Kikongo, nitaisikia kwa watu.

Niko Sydney, ni research assistant kwenye mradi mmoja wa lishe. Msije mkanipa uprofesa. Kazi yangu kubwa ni kuongea Kiswahili.

Mradi ulihusu chumvi. Boss wetu Helen, mtaalamu wa public health, alitaka kujua familia za Kiafrika zinapata chumvi nyingi kutoka wapi, hasa kwenye vyakula vya pakiti, ili serikali ishauriwe kuwabana wenye viwanda. Lengo zuri, sina ugomvi nalo.

Kila Jumamosi tulikuwa tunatembelea nyumba. Tunapiga picha chakula, tunapima presha, tunatoa ushauri, tunaondoka.

Wakuu, shimo mmeshaliona? Helen na PhD yake hakuliona. Na mimi niliyelelewa Muheza na bibi ambaye mgeni akibisha hodi kuku anakimbia mwenyewe, sikuliona pia. Njaa mbaya jamani.

Sasa Mama Riziki. Ni Mkongomani wa Bukavu, mjane, watoto wanne, anafanya kazi warehouse moja kule Ingleburn. Presha ilikuwa imempanda mpaka daktari wake akamtoa kwenye forklift, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, akaambiwa isiposhuka, kazi yenyewe ataisahau. Na nyumba nzima inakula kwa kazi hiyo. Ndiyo maana alijiunga na utafiti wetu: alitaka apone.

Na ushauri alikuwa anaufuata! Tulimwambia apunguze chumvi, Jumamosi iliyofuata tukakuta sombe haina chumvi kabisa, ina ladha ya vitunguu na pilipili tu, na tamu ajabu. Samaki wa kuchoma. Maharage. Mboga za rangi zote. Helen anapiga picha huku anasema "Beautiful, beautiful," kisha anaongeza sahani ya pili kwa ajili ya sayansi.

Tukimuuliza kama siku nyingine anakula hivyo hivyo, anasema, "Njo vile, Madame," yaani ndiyo hivyo.

Na mgeni haondoki mikono mitupu. Kila tukitoka, mimi kontena langu, Helen la kwake. Tunakula mpaka katikati ya wiki.

Ila presha ya Mama Riziki ikawa inapanda tu.

Helen akaanza kukosa raha. Akabadilisha mashine ya kupimia. Akataka kuangalia mambo ya stress, ya usingizi, ya vinasaba. Wakati huo huo akatuambia ofisini kwa furaha kwamba daktari wake amemsifu, presha yake mwenyewe imeshuka vizuri mno. Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mjinga mimi.

Jumapili moja nikaona makontena ya Mama Riziki yamejaa kabatini kwangu. Mnajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, basi nikayajaza machungwa, nikaenda kuyarudisha bila kupiga simu.

Riziki akafungua mlango. "Mum's eating, uncle."

Mama Riziki aliponiona alishtuka, akasukuma bakuli nyuma ya toaster. Nimekuta nini ndani? Noodles za pakiti, na vile vipakiti vya unga wa chumvi viwili vimechanwa pembeni. Kabati lilikuwa wazi. Zimepangwa mpaka juu.

Nikamuuliza, "Mama, na ile sombe ya jana?"

"Si mulibeba?"

Nilitamani ardhi ipasuke, wakuu.

"Kaka," akasema, "Ijumaa nikitoka kazi napikaka ya wageni mpaka nachoka. Siku zingine sina nguvu, ninakulaka hii. Sasa nimuonyeshe Madame hii? Atasema kwa Wakongomani hakuna chakula."

Kumbe ile pakiti tunayoitafuta Sydney nzima, kila Jumamosi tulikuwa tumeiegemezea mgongo, tunatafuna. Na dawa ya mgonjwa tulikuwa tunaibeba sisi kwenye kontena. Aliyepona ni Helen!

Nilijisikia vibaya. Halafu nikamkumbuka bibi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Jumamosi iliyofuata nilitangulia. Sikukaa sebuleni. Nikaingia jikoni, nikachukua kisu na vitunguu. Mama Riziki akapiga kelele, "Aibu! Mugeni anamenya vitunguu!" Nikamwambia mgeni alishaondoka, mimi ni wa hapa. Tukapika, tukajaza makontena, yote yakaingia kwenye friji yake. Ya kwenda nayo kazini. Helen alipofika alipewa chai.

Nikawa nafanya hivyo kila wiki. Presha ikaanza kushuka, taratibu, kisha kweli kweli. Mama Riziki yuko kwenye forklift hivi ninavyoandika.

Nikampelekea Helen habari njema, nikamweleza kisa chote, noodles na friji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema nimeingilia utafiti, data ya nyumba ile imechafuka, lazima iondolewe.

Ndiyo hivyo. Mshiriki pekee aliyepona kwenye mradi wetu hayumo kwenye mradi wetu.

Jifunzeni kwangu: ukitaka kujua mtu anakula nini, usiende kama mgeni. Na ukienda, rudi na njaa yako.

Nilipomwambia Mama Riziki kwamba ameondolewa, nilidhani ataumia. Akainua mikono juu, "Aksanti Yesu! Jumamosi nitalala." Kisha akaitazama friji.

"Lakini Madame, maskini. Sasa nani atamulisha?"

Wikiendi hiyo nilimpelekea Helen kontena moja. Mlioko huko nje, na nyinyi mlishawahi kufanyiwa utafiti mkiwa mmevaa nguo za sikukuu? Semeni tusikie.