Kandambili Mlangoni

Hapa mtaani Oli, fundi anakata kandambili za tairi, na harufu ya mpira imenirudisha siku ile ya utotoni bibi aliponitembeza mji wa Koboko. Asubuhi alinionyesha msikiti wa zamani. Tukavua viatu kabla ya kukanyaga kizingiti. Mchana tukapanda hadi kanisa kuukuu la matofali, alikobatizwa yeye. Nikavua tena. Mzee wa kanisa akafoka, "Wewe! Hapa watu inaingia na viatu!"

"Lakini Mungu iko ndani," nikasema.

Bibi alinitazama, akainama polepole, akavua kandambili zake, akazipanga kando ya zangu. Sakafu ilikuwa baridi, akanishika mkono.

Nimechagua jozi mbili. Fundi anauliza, "Na hii ya wamama, iko ya nani?"