Mimba ya Tatu ya Umi

Umi, mshonaji kofia wa Langoni, alikuwa amezika watoto wawili waliotoka tumboni wakiwa wa miezi sita. Wa kwanza, Ayman, alitoka siku ambayo mamake alipandisha madumu ya maji ghorofani. Kinywa jumba la maneno: mtaa mzima ukakata hukumu kwamba Umi ndiye aliyemuua. Mimba ya pili aliilalia kitandani, nayo ikatoka vile vile. Wenye hukumu yao wakasema kizazi kiliharibiwa na yale yale madumu. Umi hakubisha. Aliamini.

Mimba ya tatu ilipofika miezi mitano, Sista Nerea wa kliniki alimweleza habari za madaktari wa Mombasa waliokuwa wakichunguza jinsi kizazi kinavyojikaza, wakikipiga picha kwa mashine ya MRI, isiyokata wala kuchoma.

"Ila inatumia sumaku, Bi Umi. Hicho kipini cha puani lazima kitoke."

Bi Mwana, mkwewe, alishika kichwa. Kwao mke huvua kipini akifiwa na mume, akikaa eda.

"Mume yu hai, kipini chavuliwani? Wamtakia kifo mwanangu?"

Umi akanywea. Ameshaambiwa kaua wawili. Mume naye awe wa tatu? Nusura aiache safari. Ni mumewe Hadi mwenyewe, fundi wa injini za boti, mtu asiye na maneno mengi, aliyenawa mikono, akamketisha mkewe mbele ya mamake, akakitoa kipini taratibu.

"Mama, nimekivua mimi, nami ni hai."

 Kama Bi Mwana aliridhika, anajua yeye na Mola wake.

Huko Mombasa Umi alilazwa ubavu ndani ya mashine, ikigonga kama mafundi wa mabati, naye asijitikise nusu saa nzima. Alisoma Ayatul Kursiy mpaka akasahau ni mara ngapi.

Baadaye Daktari Chelangat alimwonyesha picha zikipita kwenye kioo: ukuta wa kizazi ukijikunja upande mmoja, ukijikunjua, mtoto akisukumwa kidogo na kurudi.

"Kimejikaza mara tatu. Ulihisi?"

"Sikuhisi hata moja."

"Wala hukusogea. Hujikaza chenyewe, kwa kila mja mzito."

"Na wale wawili," Umi aliuliza, "ni madumu?"

Daktari alijibu: "Siwezi kusema hivyo. Kwa nini walitoka mapema, hatujui, Bi Umi. Ndicho tunachokitafuta."

Umi alitoka akilia kwa kwikwi. Hadi aliruka kutoka kwenye benchi, akidhani msiba wa tatu umewafika.

"Hawayui," Umi akamwambia kwa lahaja ya kwao, akimng'ang'ania mkono. "Madaktari wazima na mashine yao, hawayui. Hawa wa mtaani kwetu waliyua vipi?"