Usukani Uliotulia

Juzi hapa Voi, fundi aliweka kiganja kwenye boneti ya gari langu la otomatiki, apate kusikia linavyotetemeka likiwa limesimama. Nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, tulikuwa uani kwetu Werugha, ndani ya gari lake kuukuu, nalo la otomatiki, lililonuka petroli na kabichi. Alikuwa ameshabadilisha plagi, kisha raba zinazoshikilia injini, na bado alilalamika kwamba usukani unatetemeka. Akawasha, akatia gia huku amekanyaga breki, kisha akauachia usukani.

“Hebu shika wewe, mwanangu. Unasikia?”

“Hapana, baba. Umetulia.”

Akazima injini, akaitazama mikono yake mapajani. Ilikuwa bado inatetemeka. Nami nikapiga makofi, nikidhani gari limepona.