Mjumbe wa Nyumba ya Kalunde

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya sabini, mwanangu, pale Nuu, ibada iliisha lakini hakuna aliyekwenda nyumbani. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa dogo, na siku hiyo tulibishana mle ndani mpaka jua likageuka. Watu wa Mungu nao hugombana, usidanganywe.

Chanzo kilikuwa Kalunde, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Sisi Wakamba tulikuwa na njia yetu kwa mama kama huyo. Alitoa mbuzi wa mahari, akamleta msichana awe mke wa nyumba yake, ili watoto atakaozaa na mwanamume amtakaye waitwe kwa jina la marehemu mumewe. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Wa Kalunde aliitwa Mwikali, yatima, na watoto wao walijaza benchi la mbele kila Jumapili. Sasa habari ilikuwa imetufikia kwamba mkutano mkuu wa kanisa letu nchini utaamua: ama nyumba kama hizo zivunjwe, iweto aende zake, ama watoto wasibatizwe.

Wengi wetu tulikubaliana kwamba nyumba ya Kalunde isiguswe. Aliyepinga ni Mzee Muli, mkubwa wa wazee wa kanisa. Kwake desturi ile ilikuwa dhambi, na neno lake lilikuwa hilo tu. Alisema, akashindwa, akakaa. Hata hivyo tulimchagua yeye kuwa mjumbe wetu, maana hakuna mwingine aliyeweza kumtazama askofu usoni bila kutetemeka. Mimi, mwalimu kijana mwenye maneno mengi, nikachaguliwa nimfuate. Akina mama waliniita kando.

"Huyo mzee atatuuza," mmoja alininong'oneza. "Wewe mchunge."

Basi nikamchunga. Safari nzima nilimjibu kwa neno moja moja, na yeye akawa anamenya machungwa na kunipa nusu, kana kwamba hakuona kitu. Aliniudhi zaidi kwa upole wake.

Siku jambo letu lilipofika mbele ya mkutano mkuu, mchungaji mmoja wa kutoka mbali alisimama. "Mwenyekiti, nisaidiwe kidogo. Mwanamke ameoa mwanamke. Sasa bwana harusi ni nani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Hawakuwa watu wabaya, mwanangu, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilitaka kuinuka, nikabaki nimekaa. Nikaona Mzee Muli anasimama, na nikajua tumekwisha.

"Ndugu zangu," alisema, "huyo mama mnayemcheka anaitwa Kalunde. Alipofiwa na mume, hakukuwa na mtu wa kumwashia moto. Leo ana watoto wanamwita susu, nyanya yao, na ni yeye anawafundisha kuomba. Mkivunja hiyo nyumba, Mwikali atarudi kwa nani? Wazazi wake walikufa. Watoto watafuata nani? Na Kalunde tutamwambia nini? Kwamba Yesu alikuja Nuu akamnyang'anya watoto?"

Hakuna aliyecheka tena. Alijibu kila swali, pole pole, na ungedhani anamtetea dada yake wa tumbo moja. Nililia, sikuficha.

Walijadili mpaka jioni. Wakaamua kwamba nyumba zilizopo zisivunjwe na watoto wabatizwe, lakini mama mwenye iweto asikaribie Meza ya Bwana, asile mkate wala kunywa divai ya ushirika, mpaka jambo lake litazamwe tena. Tulipata nusu tuliyoitaka sana, na nusu nyingine ilikuwa shubiri.

Tulipotoka nje nilimkimbilia. "Mzee, kumbe ulibadili mawazo!"

"Nani amekwambia nimebadili?" Alinitazama bila hasira. "Yangu nilisema Nuu, nikashindwa. Huku nilileta yenu. Ningechanganya, Kalunde angesemewa na nani? Na wewe, mwalimu, ulikuja kunilinda ama kunisaidia? Mbona sikusikia sauti yako?"

Swali hilo lilinichoma, na lilinifaa.

Tuliporudi hakupitia kwake kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Kalunde, na vumbi la njia miguuni. Alimwambia habari ya watoto, Mwikali akapiga kigelegele pale jikoni. Kisha akamwambia habari ya Meza, na wala hakuipunguza. Mimi nikamsimulia Kalunde jinsi mzee alivyomtetea, naye akamgeukia.

"Na wewe Muli, moyoni mwako?"

"Moyoni mwangu bado, mwaitu, mama yetu. Sikubaliani na hii nyumba."

Mama yule alimtazama, kisha akamsogezea kiti. "Basi kaa ule. Wanaonipenda ni wengi, na hakuna aliyenisemea kama wewe."

Sitakupambia hadithi. Miaka mingi baadaye Kalunde alikuwa bado anabaki kwenye benchi wenzake wakienda mezani, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini alibaki hapo akiwa amezungukwa na watoto wake.

Mwanangu, ninyi mnapenda kuchagua mtu kwa kuwa anafikiri kama ninyi. Si vibaya, ila haitoshi. Mpime kama anaweza kubeba neno lisilo lake bila kulimwaga njiani. Na ukitumwa wewe, gombana kwenu mpaka uchoke, lakini ukishafika ulikotumwa, sema ya waliokutuma kwa nguvu zako zote. Kisha rudi na jibu lote, tamu na chungu, umpelekee mwenyewe mlangoni pake.

Mungu akupe mdomo wa kuaminika. Na siku yako ikifika ya kuamuliwa na watu wasiokujua, akuinulie mtu wa kukusemea, hata kama ni yule mliyeshindana naye jana.